Tulivyouliza Habari za Usingizi Kando ya Jiwe la Kusagia

Vijana wangu,

Kabla hamjasoma mbali, nisameheni kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama watu waliochoka kwenye foleni, na mahali pa l naweka r, mahali pa r naweka l. Kampala ilinilea hivyo na sasa nimechelewa kunyooshwa. Mjukuu wangu amepitia na kurekebisha makosa makubwa. Madogo ameyaacha, anasema bila hayo mtadhani ameandika yeye. Niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja unanilia asubuhi nzima. Pale msipoelewa, someni kwa sauti, mtanisikia.

Naandika kwa sababu ya mwenzenu mmoja. Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu hapa Ggaba, binti safi, mwenye adabu, na kile kibao chenu cha kioo mkononi. Akasimama mlangoni akaniambia anafanya utafiti kuhusu watu wanaopigwa majumbani. Jirani yangu alikuwa anaanika nguo hatua chache kutoka hapo, na ninawaambia kweli, nguo zile alizianika na kuzianua na kuzianika tena. Binti akauliza, "Mama, umewahi kupigwa na mtu wa nyumbani kwako?" Nikajibu hapana. "Umewahi kutishwa?" Hapana. Akaendelea mpaka mwisho, hapana, hapana, kidole chake kinagusa kioo, na mimi namtazama jirani.

Alipomaliza nikamwambia, "Mwanangu, sasa ingia ndani, keti, tumenye ndizi. Nilifanya kazi hii kabla mama yako hajazaliwa." Tulipofika katikati ya ndizi nilimjibu upya, na majibu hayakuwa yale ya mlangoni. Ndipo akaniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza. Basi.

Sikuajiriwa kwa sababu ya akili. Baba yangu alitoka upande wa Kenya, akafanya kazi ya kupakua mabehewa Port Bell, na nyumbani tuliongea Kiswahili. Daktari alihitaji mtu wa Kiswahili. Jina lake sitaliandika. Alikuwa mwanamke Mganda, mwalimu kwenye chuo kile kikubwa juu ya Wandegeya, na Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai tu. Alitaka kuwafikia watu wa laini, yaani zile safu za nyumba za familia za polisi. Humo waliishi Waacholi, Walugbara, Wakakwa na Wanubi, kila mtu na lugha yake, na walipokutana bombani waliongea Kiswahili.

Sababu ya pili ilikuwa haya. Nilikuwa msichana wa kuficha mdomo kwa kiganja hata nikisalimiwa. Siku ya kujaribiwa nilikaa mbele ya Daktari nikashindwa kusema jina langu. Nikajua nimeikosa kazi. Yeye akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu. Huyu hatamkatiza mtu."

Mwenzake huyo alikuwa Mama Letiru, na yeye ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa Mlugbara, mjane wa sajini, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa sufuria. Alikuwa ameishi laini tangu ujana wake, na baada ya mumewe kufa walimwachia chumba kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia ahame.

Sasa niwaeleze Daktari alitaka kujua nini. Alitaka kujua kipigo kinamfanya mtu nini baada ya jeraha kupona. Mke anayepigwa na mumewe, mtoto anayeonewa na watoto wakubwa shuleni, mwanafunzi anayechapwa kila siku, huwaje? Anakula? Anafanya kazi? Anampiga nani? Lakini ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi, na neno kipigo lilikuwa na wenyewe. Ukilitamka mbele ya mtu usiyemjua, atadhani unaulizia mambo ya serikali, naye atakuuliza nani alikutuma. Watu walichukuliwa mchana kweupe, wakatiwa kwenye buti ya gari, na jioni hakuna aliyeuliza gari lilikwenda wapi.

Kwa hiyo Daktari alipanga maswali kwa utaratibu wake, na utaratibu huo sijaona uliouzidi mpaka leo. La kwanza: unalala vipi? La pili: unakula vipi? La tatu: mwili unafanya kazi vipi? La mwisho kabisa, watu wakiwa wamezoea sauti yako: wiki hii nani alikasirika nyumbani, na ilikuwaje? Karatasi za chuo zilisema tunatafiti usingizi na chakula, na huo haukuwa uongo. Mtu akikueleza vizuri anavyolala, amekueleza karibu yote.

Kulikuwa na sheria moja ya Daktari iliyonichekesha. Alisema kila mtu mzima wa nyumba aulizwe maswali yale yale, hata baba mwenye nyumba. Nilimwangalia Mama Letiru. Nani atakwenda kumuuliza polisi mwenye bunduki jinsi anavyolala? Mama Letiru akanikanyaga mguu chini ya meza. Tulipotoka akasema, "Sheria ni ya Daktari. Miguu ni yetu." Kwa hiyo tulikuwa tunakwenda wakati wanaume wako kazini.

Siku yangu ya kwanza nilijitayarisha kama bibi harusi. Nilivaa viatu vyeusi vya kukopa, nikakumbatia faili la karatasi ngumu, nikaweka kalamu sikioni. Mama Letiru alikuwa na homa, akaniambia nimsubiri. Sikumsubiri. Niliingia laini, nikasimama kwenye mlango wa kwanza, na kwa haya zangu nikaruka hata salamu. Nikauliza moja kwa moja, "Hapa wanakaa watu wangapi?"

Mlango ukafungwa. Na wa pili. Niliwaona wanawake wakiokota watoto wao uani kama mvua imeanza. Muda si mrefu uwanja wote ulikuwa mtupu, umebaki na kuku mmoja na mimi.

Nilipomweleza Mama Letiru, alicheka mpaka homa ikampungua. "Nafula! Faili kwapani, kalamu sikioni, salamu hakuna, na unauliza wako wangapi! Siku hizi watu wa namna hiyo huwa wanakuja na gari. Wamefungua milango sasa?"

"Bado, mama."

"Wasilaumiwe. Hata mimi ningejificha, na mimi nakujua."

Kesho yake alinivua viatu, akanivalisha kanga, akanipa sinia la mtama nibebe kichwani. Karatasi na kalamu vilikaa chini ya mtama. Tukaenda mpaka uani, akaketi penye jiwe la kusagia, akaanza kusaga. Hatukubisha mlango wowote.

Hapo ndipo nilipojifunza lile jiwe. Nyumba za laini zilikuwa chumba kimoja kimoja chini ya paa moja refu la bati, na kuta za katikati hazikufika juu. Ukipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anakuombea heri. Daktari alikuwa ametufundisha kuwaambia watu, "Maneno yako hayatatoka hapa." Mama wa kwanza niliyemwambia hivyo alitazama juu ya ukuta akacheka. Siri yao haikuwa ukutani, ilikuwa kwenye kelele. Mwanamke akiwa na jambo zito la kumwambia mwenzake, walikutana penye jiwe. Mmoja anasaga, mwingine anapeta, na maneno yanapita chini ya mngurumo. Jirani akiona wanaongea hivyo, naye anachukua mtama wake na kusaga kwenye jiwe lake, si kwa njaa, bali kuwaongezea ukuta. Hakuna aliyewaagiza. Na jiwe likinyamaza ghafla, mnageuza habari, mnaanza kuzungumzia sabuni.

Basi nasi tukauliza hivyo. Mama Letiru alikuwa akisaga, mimi napeta, na anayeulizwa anachambua mawe kwenye mtama. Macho yake yako chini, yetu yako chini. Msimtazame usoni mtu anayewaeleza alivyopigwa. Ipeni mikono yake kazi, na yenu ipeni kazi. Majibu tuliyaandika baadaye, tukiwa Wandegeya kwenye kibanda cha chapati, bila jina la mtu.

Nimetaja sabuni. Miaka ile sabuni, sukari na chumvi vilikuwa haba, na Daktari akaona ni haki kumpa kila anayetujibu kipande cha sabuni. Moyo mzuri. Wiki hiyo tulipata majibu mengi kuliko mwezi mzima. Wanawake walikuwa wanatufuata. Mmoja, Mama Zubeda, Mnubi wa mdomo mwepesi, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi leo sina habari, mzee amepoa. Lakini mshahara unatoka Ijumaa, atalewa tu. Njoo Jumatatu, na sabuni yangu usimpe mtu."

Tulicheka. Kisha Mama Letiru akaacha kucheka, kwa sababu Mama Zubeda hakuwa anatania sana. Daktari alipoambiwa aliifunga ile katoni ya sabuni, akasema majibu yote ya wiki ile tuyaweke kando. Nilisikitika, nilikuwa nimeyaandika kwa shida. Akaniambia kwa upole, "Nafula, ukimlipa mtu kwa ajili ya maumivu yake, kesho atakuletea mengi zaidi, na hutajua yapi ni ya kwake na yapi ni ya sabuni."

Kosa langu lingine lilikuwa machozi. Mama mmoja alikuwa ananieleza kuhusu mwanawe wa kwanza, nikaanza kulia. Yule mama akaacha kuchambua, akanifuta uso kwa kanga yake, akaenda kuniwekea maji ya chai. Habari ya mwanawe haikuisha mpaka leo. Tulipofika barabara kubwa Mama Letiru akasema, "Ilikuwa zamu yake kulia. Umemnyang'anya." Akaongeza, "Yako iko kwenye chapati." Maana kila tulipoketi kwenye kile kibanda, kabla hatujaandika lolote, aliniuliza na mimi: "Na wewe, unalala vipi?" Nilipaswa kumjibu kweli. Hapo ndipo nililia, nikala, tukaandika.

Sasa niwaambie habari ya Akello, kwa sababu ndiyo nilitaka kuiandika tangu mwanzo, nikawa naizunguka.

Akello alikuwa binti wa koplo mmoja, Mwacholi, wa umri wa kubadilisha meno. Alikuwa ameacha kusema. Hakuwa bubu; mama yake alituambia mwaka uliotangulia alikuwa anaimba mpaka anachosha. Baba yake alianza kupiga, kwanza mama, kisha yeyote aliyekuwa karibu, na sauti ya mtoto ikapungua kidogo kidogo kama redio inayoishiwa betri. Shuleni mwalimu alimchapa kwa kutojibu. Watoto wakubwa waligundua kwamba akisikia kishindo cha buti anaruka, basi wakawa wanamnyemelea nyuma na kupiga miguu chini kama askari, waone anavyoruka, wacheke. Na akilala, Mama Akello alisema, anavaa sapatu zake, zile ndala za mpira. Ukimvua, anaamka na kuzivaa tena.

"Nikimuuliza kwa nini, ananyoosha kidole mlangoni," alisema Mama Akello. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyepaza sauti, sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena na tulijua kwa nini. "Mimi nimezoea. Lakini huyu nataka Daktari amtazame aniambie: akiondoka hapa, atarudi kuwa yule wa kuimba, au ameshakuwa hivi? Kama atarudi, nitaondoka naye, hata kama ni kwa miguu. Kama hatarudi..." Hakumaliza. Jiwe la Mama Zubeda lilikuwa limenyamaza, tukaanza kuzungumzia chumvi.

Kuondoka hakukuwa jambo dogo. Waacholi ndio walioshukiwa kwanza na jeshi, na mke wa polisi Mwacholi akitoweka na mtoto miaka ile, wakubwa wa mumewe wangeuliza anakimbilia wapi na anajua nini. Ungekuwa mwisho wa yule koplo, na labda wa mwanamke pia. Na mumewe akijua kwamba anapanga, au kwamba anawaeleza watu wa chuo mambo ya nyumbani, mnajua wenyewe.

Daktari alisema tumlete Akello chuoni, na niende nikapange siku na mama yake. Mama Letiru alikuwa msibani, nikaenda peke yangu. Ilikuwa asubuhi. Wiki ile mgao wa nafaka haukuja, na laini nzima haikuwa na punje ya mtama. Lakini Mama Akello hakutaka kungoja. Akaketi penye jiwe lake, nami nikaketi na ungo mtupu. Mama Zubeda akatuona. Mtama hana, sisi hatuna. Akachukua jiwe lake dogo la juu akaanza kusaga jiwe juu ya jiwe, tupu, kutupa ukuta. Na mwenzake wa mlango wa pili akafanya hivyo hivyo. Niliwapenda wanawake wale siku ile kuliko ndugu zangu.

Tulidhani koplo yuko kazini. Kumbe alirudi kutoka zamu akaenda kulala kwenye chumba cha rafiki yake mwisho wa safu. Naye alikulia kijijini, mgongoni kwa mama aliyesaga kila siku. Jiwe lenye nafaka lina sauti nzito ya kutafuna. Jiwe tupu linalia kwa kukwaruza, meno yanapata ganzi. Mtu mwingine angegeuka upande wa pili na kulala. Yeye aliinuka.

Nilisikia buti kabla sijamwona. Na nilimwona Akello, aliyekuwa ameketi kizingitini, akisimama wima.

"Nani anasaga hewa hapa?"

Mawe yote yalinyamaza. Alikuwa mtu mrefu, shati wazi, kamba za buti hazijafungwa, macho mekundu.

"Mama Zubeda. Nyinyi nasaga nini?"

"Mtama, baba."

Akainama akaweka kiganja juu ya jiwe lake. "Iko moto. Na mtama iko wapi?"

Mama Zubeda, yule wa mdomo mwepesi, akaanza kupangusa jiwe kwa pindo la kanga. Koplo akamtazama mkewe, kisha ungo wangu mtupu, kisha mimi.

"Na hii? Wewe binti ya nani?"

Nilitaka kusema jina la baba, nikalikosa.

"Nauliza wewe. Nani alituma wewe hapa?"

Lile ndilo swali ambalo watu hawakurudi baada ya kuulizwa. Mama Akello alikuwa anaangalia chini, mikono yake bado imeshika jiwe. Ningesema Daktari ndiye aliyenituma, ningewataja watu watatu kwa neno moja, yeye, Mama Letiru na Mama Akello. Ningenyamaza, angemaliza na mkewe ndani. Ndugu zangu, sikuwa na ujasiri na sikuwa na akili. Nilikuwa na sentensi moja tu ambayo nilikuwa nimeisema mara nyingi hata mdomo ukaijua wenyewe. Ikatoka.

"Nauliza watu wanavyolala, afande. Wewe unalala vipi?"

Mama Zubeda alisema "Yesu," na yeye ni Mwislamu.

Koplo alinitazama kama nimeongea Kihindi. "Mimi?"

"Kila mtu mzima wa nyumba, afande. Ni sheria."

Sijui kwa nini hakunipiga. Nadhani ni lile neno sheria, polisi wamelizoea. Au nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Alisimama, akasonga mbele, akarudi nyuma, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi lala vipi," alisema. "Mimi silali. Nafunga jicho. Gari ikipita naamka. Gari ikisimama, naamka na bunduki." Akatazama buti zake. "Nalala na hizi. Hata nyumbani. Asubuhi kwenye paredi unatafuta mwenzako, hayuko, na hakuna kuuliza. Mwacholi ndiye anaanza kukosekana. Kwa hiyo nalala na viatu, wakija nisitoke miguu wazi kama kuku." Kisha akashtuka. "Unaandika?"

"Hapana, afande."

"Usiandike."

"Siandiki, afande. Unakula vipi?"

Nilifuata utaratibu wa Daktari kama mtu anayefuata kamba gizani. Alinijibu chakula. Alinijibu mwili: mikono inatetemeka, akanionyesha, ilikuwa kweli. Nikafika la mwisho, na hapo sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

"Wiki hii nani alikasirika nyumbani?"

"Mimi," akasema.

"Ilikuwaje?"

Aliinua macho akamtafuta mtoto wake. Akello alikuwa amesimama kizingitini, amebana ukuta, sapatu miguuni. Baba akatazama zile sapatu. Mama Akello, bila kuinua uso, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Naye hazivui. Hata akilala."

Yule mtu akainuka juu ya ndoo, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tulisikia kitanda kikilia. Hatukusikia buti zikianguka.

Msije mkadhani alibadilika. Kuna watu wanapenda nihadithie hivyo. Wiki iliyofuata alimpiga tena mkewe, na tuliona alama. Lakini hakutuchongea kwa mtu, na Mama Akello alikuwa amepata kitu ambacho sisi wote, na chuo chetu, hatukuwa tumempa. Alikuwa amemsikia mumewe akisema anaogopa nini.

Daktari alimwona Akello. Alimwambia mama yake ukweli: hawezi kuahidi, lakini ameona watoto waliorudi, na waliorudi ni wale waliotolewa mahali pa kishindo. Mama Akello aliitikia kwa kichwa. Alingoja siku koplo amerudi bila pombe, akamwekea chakula, akamwambia, "Ulisema ukisikia gari unaamka na bunduki. Siku likija kweli, utatufanya nini sisi? Tupeleke kwa mama yako. Uwaambie wakubwa mama anaumwa. Ulale bila kutuwaza." Hakutaja kipigo hata mara moja. Alimpa mumewe hofu yake mwenyewe, akaitumia kama tiketi.

Naye akakubali. Akaomba ruhusa mkewe aende kumuuguza mama mgonjwa, akapewa.

Siku ya basi tuliwasindikiza, mimi na Mama Letiru. Mama Akello alimwachia Mama Zubeda jiwe kubwa, lile dogo la juu akalifunga kwenye kanga aende nalo, nami nikampandishia ndani. Koplo alibeba begi kwa mkono wake, akiwa na sare, na kwa ajili ya sare kondakta aliwapa kiti kizuri karibu na dirisha. Aliponiona akasema, "Wewe binti ya usingizi. Bado unauliza?"

"Bado, afande."

"Leo nitalala," akasema. Sijui kama alikuwa anatania.

Nilikuwa bado ndani ya basi, nasukuma lile jiwe chini ya kiti, dereva alipowasha injini. Akello alikuwa anamtazama baba yake dirishani. Hakusema neno, hakupunga mkono. Basi lilipoanza kutetemeka, aliinama, akavua sapatu moja, akavua ya pili, akazipanga vizuri chini ya kiti kando ya jiwe. Kisha akapandisha miguu juu ya kiti, akaegemea mama yake, akafunga macho. Nikateremka.

Sikumweleza koplo nilichokiona. Msimu ule ule aliondoka kwenda zamu na hakurudi, na laini haikuuliza. Daktari alivuka kwenda Kenya ghafla, utafiti haukumalizika, na mimi niliendelea na kazi hii miaka mingi baadaye na watu wengine, mpaka magoti yalipokataa. Sijui kama Akello aliimba tena. Najua tu alilala, na wakati ule lilikuwa jibu kubwa.

Nyinyi sasa mna vibao vyenu, mna fomu ya ridhaa, mna mshauri wa kumpelekea anayeumia. Ni mambo mazuri, tungeyapata tungeruka kwa furaha. Lakini tafuteni kwanza jiwe la mahali mlipo, ile kelele ambayo watu wanajifichia. Pengine leo ni redio, pengine mashine ya kushonea. Ketini kando yake. Na ulizeni kila mtu wa nyumba, hata yule mnayemwogopa. Mimi niliicheka sheria ya Daktari, na ndiyo iliyonirudisha nyumbani salama.

Tena kazi hii inaingia miguuni mwa anayeifanya. Mama Letiru amekufa, na kibanda cha chapati kimevunjwa, kwa hiyo kuuliza kumebaki kwangu. Niandikieni barua, yule binti anajua nyumba yangu, atazileta. Msianze na habari za utafiti. Nijibuni kwanza mnalala vipi. Na kama kuna anayelala na viatu, aandike hivyo hivyo, mwandiko mbaya si kitu, nitasoma polepole kama ninavyoandika.